Umeambiwa mtoto tumboni ni mdogo? Anzia kwenye tarehe

Habari zenu mama zangu na dada zangu, wa Ujiji, Mwanga, Kasulu, Uvinza mpaka kule Tabora. Hii naiandika kwa ajili ya yule aliyetoka kupiga altrasaundi mimba ikiwa miezi minne na nusu, mitano, sita hivi, akaambiwa mtoto ni mdogo kuliko wiki zake, halafu kapewa karatasi katoka nje maana foleni ni ndefu na dokta keshaita mwingine, sasa hilo neno moja linamzunguka kichwani usiku kucha na mume yuko ziwani au safarini na mama mkwe anauliza kulikoni. Hofu hiyo naijua na sitakwambia usiwe nayo, ila kuna mambo ya kufanya na yana mpangilio wake. La kwanza kabisa wala sio chakula, ni tarehe.

Ila kabla ya tarehe, shika ile karatasi.

Usiikunje ukaitupa kwenye pochi. Kuna herufi herufi pale zinatisha bure. BPD ni upana wa kichwa cha mtoto, HC ni mzunguko wa kichwa, AC mzunguko wa tumbo lake, FL urefu wa mfupa wa paja. EFW ndo ule uzito uliokushtua. GA ni umri wa mimba kwa wiki na siku, na EDD ni tarehe ya kutegemea kujifungua. Sasa elewa kitu kimoja, hamna mtu aliyemuweka mwanao kwenye mzani. Mashine imepima kichwa, tumbo na paja, ikaingiza kwenye hesabu, ikatoa uzito wa kukadiria. Na zile wiki zilizoandikwa pale mara nyingi mashine imezitoa kwenye vipimo hivyo hivyo, yani inasema "mtoto huyu ana ukubwa wa wiki 20". Yenyewe haijui hedhi yako ilikuwa lini. Neno "mdogo" limetokea pale mtu alipochukua hizo wiki 20 akazilinganisha na wiki 22 zilizo kwenye kadi yako ya kliniki. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja, zile 22 zilitoka wapi?

Sasa tarehe, na hapa tukae kidogo

Kliniki wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Hesabu hiyo inachukulia kwamba mzunguko wako ni wa siku 28 na yai lilitoka kama siku ya 14. Wewe ambaye unaona siku zako kila baada ya siku 35, yai lako linatoka kama wiki moja baadae, kwa hiyo mtoto wako ni mdogo kwa wiki nzima kuliko kadi inavyosema na hana ugonjwa wowote, ameanza tu baadae. Kuna aliyeshika mimba ananyonyesha hata hedhi haijarudi. Kuna aliyekuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango akaacha, hedhi ikawa inakuja inavyotaka. Kuna aliyeona matone ya damu mwanzoni mwa mimba akadhani ni hedhi, huyo inakuwa kinyume chake, mimba ni kubwa kuliko anavyohesabu. Na kuna wengi, tusemeane ukweli, waliofika dirishani nesi akauliza "tarehe ngapi?" wakataja yoyote iliyokuja mdomoni kwa sababu foleni inasukuma.

Ukiona namba utaelewa kwa nini nakazania hili. Wiki ya 20 mtoto wa kawaida ana kama gramu 330. Wiki ya 22 yuko kwenye 480 hivi. Wiki ya 24 kama 650, na wiki ya 28 anagonga kilo moja na gramu 200. Angalia hapo kati ya 20 na 22, wiki mbili tu karibu nusu ya uzito imeongezeka. Kwa hiyo mtoto mwenye gramu 330 na kadi inasema wiki 22, kwenye macho ya daktari huyo ni mdogo sana na lazima aseme. Mtoto huyo huyo, gramu hizo hizo, kama kweli ni wiki 20, yuko sawasawa kabisa.

Rudi nyumbani ukae na kalenda utulie. Kama huikumbuki tarehe, tafuta kitu kilichotokea. Waislamu wengi Ujiji wanaweza kutumia Ramadhani, zile siku ulizokula kwa sababu ya hedhi unazijua, maana ni deni na pengine umeshaanza kulipa. Mke wa mvuvi wa dagaa anajua mbalamwezi ikiwa kali vyombo haviingii ziwani na mzee yuko nyumbani, hesabu kutoka hapo. Angalia simu, miamala, meseji, siku ulipoenda kununua kipimo cha mimba duka la dawa, siku ulipotapika kwenye harusi ya fulani. Andika ulichopata. Na kama kumbukumbu haipo kabisa, usibuni, mwambie nesi "sista, kwa kweli sikumbuki", hiyo inamsaidia kuliko tarehe ya uongo.

Cha muhimu kuliko vyote, je ulipiga altrasaundi nyingine mwanzoni, mimba ikiwa chini ya wiki 13 au 14? Kama ipo, itafute popote ilipo hata kama karatasi imelowa. Miezi ile ya kwanza watoto wote wanakua karibu sawa, kwa hiyo kipimo cha mapema kinakosea umri kwa siku 5 mpaka 7 tu. Kile cha wiki 18 mpaka 22 kinaweza kupishana kama siku 10. Cha miezi ya mwisho kinaweza kupishana hata wiki 3, ndo maana unaona mtu kila akipima anapewa tarehe mpya ya kujifungua mpaka anachanganyikiwa. Tarehe ikishapangwa na kipimo cha mapema, hiyo haihamishwi tena. Na hapa nikuambie upande wa pili pia, kama tarehe yako ni ya uhakika, umepima mapema, na sasa mtoto yuko nyuma wiki mbili, usijifariji kwa habari ya tarehe. Hapo udogo ni taarifa kamili, ifuatilie kwa daktari wiki hii hii.

Ule uzito nao una kupishana kwake

Kipimo kikipigwa vizuri, uzito wa altrasaundi unaweza kupishana na uzito halisi kwa asilimia 10 hadi 15. Gramu 480 kwenye karatasi maana yake mtoto anaweza kuwa na 410 au 550. Mtoto akilala vibaya, akikunja mgongo, maji yakiwa machache, mashine ikiwa ya zamani, au mama akiwa na mwili mkubwa, kupishana kunazidi.

Halafu kuna hili la pasentaili, utasikia "yuko chini ya pasentaili ya 10". Maana yake ukipanga watoto 100 wa umri huo kuanzia mdogo kwenda mkubwa, wako anaangukia kwenye wale 10 wa mwanzo. Kwenye kila 100 lazima hao 10 wawepo, na wengi wao ni watoto wazima kabisa waliorithi umbo dogo. Mama una mita moja na nusu, baba naye hajaenda hewani, mtoto atakuwa mkubwa kutoka wapi? Watoto wa kike nao huwa wadogo kidogo kuliko wa kiume. Mwambie daktari ukweli huo: urefu wako, na uzito waliozaliwa nao watoto wako wa kwanza, upo kwenye kadi zao. Mama aliyezaa kilo 2.6, 2.7 mara mbili na watoto wanacheza mpira leo, hali yake sio ya mama aliyekuwa anazaa kilo 3.5 na sasa ghafla anaambiwa mdogo. Daktari anayafanyia kazi hayo ukimwambia, usipomwambia hawezi kuyaona kwenye mashine.

Cha kuuliza ukirudi

Nenda asubuhi, nenda na kadi na karatasi zote, kama unaona utashikwa na woga nenda na dada au wifi. Sema hivi: "Shikamoo dokta, juzi niliambiwa mtoto ni mdogo. Naomba kujua mmelinganisha na tarehe ipi, ya hedhi au ya altrasaundi ya kwanza? Ni mdogo sehemu zote au tumbo tu? Maji yanatosha? Kondo la nyuma liko vizuri? Nirudie kipimo lini?" Madaktari wetu wana watu wengi lakini swali likiwa fupi na la moja kwa moja wanajibu, sijaona anayekasirika kwa hilo.

Hilo la sehemu zote au tumbo tu lina maana yake. Mtoto ambaye kichwa, tumbo na paja vyote viko nyuma kwa wiki zile zile, mara nyingi tunarudi kwenye tarehe au umbo la familia, ingawa wachache wanakuwa na maambukizi au shida ya maumbile na ndo maana daktari anamwangalia viungo kimoja kimoja. Mtoto ambaye kichwa kiko sawa ila tumbo limebaki nyuma, huyo daktari anamuwaza zaidi, kwa sababu chakula kikipungua kutoka kwenye kondo mwili unalinda ubongo kwanza, na ini linalojaza tumbo linabaki dogo. Mfupa wa paja ukiwa mfupi peke yake mara nyingi ni urithi wa wazazi, ila nao aangalie yeye.

Usipime kila siku tatu

Hapa nasema kwa nguvu kwa sababu naona pesa za watu zinapotea. Mtu kaambiwa mdogo Jumatatu, Jumatano kaenda kituo kingine, Ijumaa kaenda cha tatu, kapata namba tatu tofauti na sasa analia zaidi. Kipimo kimoja kinaonyesha ukubwa, kukua kunaonekana kwa vipimo viwili vyenye nafasi kati yake. Nafasi hiyo iwe angalau wiki 2, na ikiwa 3 au 4 ni nzuri zaidi, labda daktari mwenyewe akutake mapema kwa sababu yake. Chini ya hapo mtoto hajaongezeka kiasi cha kuzidi makosa ya mashine. Ukiweza rudi kwenye mashine ile ile na mpimaji yule yule, na mkabidhi karatasi ya mwanzo mkononi asianze upya. Mtoto aliyekuwa nyuma wiki moja na baada ya wiki 4 bado yuko nyuma wiki moja ile ile, huyo anakua kwa mwendo wake. Aliyekuwa nyuma wiki moja akawa nyuma wiki mbili na nusu, huyo anaachwa, na hapo hatua zinabadilika.

Wakati unasubiri, kliniki usikose hata moja

Presha, mkojo, wingi wa damu. Presha ikipanda damu inayokwenda kwenye kondo inapungua na mtoto anakosa chakula, na presha ya mimba inaweza kuanza mtu anajisikia mzima kabisa. Kaswende nayo inapimwa, inatibika kwa sindano na inadhuru mtoto isipotibiwa, kwa hiyo angalia kwenye kadi kama hicho kisanduku kimejazwa. Kuanzia kama wiki ya 20 nesi anapima pia kimo cha tumbo kwa futi, sentimita zinakaribiana na wiki zako, wiki 24 iwe kama 24, ikipishana zaidi ya 2 au 3 wanafuatilia.

Halafu malaria. Mikoa yetu hii ya Kigoma na Tabora ni kati ya yenye malaria nyingi nchini, na malaria ya mimba ina tabia mbaya, vijidudu vinajificha kwenye kondo la nyuma, mama anaweza asiwe hata na homa lakini mtoto anapunjwa chakula na anazaliwa chini ya kilo 2.5. Ndo kazi ya vile vidonge vya SP, vitatu unameza kwa mpigo pale pale mbele ya nesi, kuanzia wiki ya 14 hivi na kuendelea, kila dozi ipite angalau mwezi, upate 3 au zaidi kabla ya kujifungua. Wapo wanaovificha chini ya ulimi wakatema nje kwa sababu vinatia kichefuchefu. Naomba sana, meza. Isipokuwa mama anayetumia Septrin kila siku, huyo hapewi SP na nesi anajua, wewe mkumbushe tu. Na chandarua lala ndani yake, hata joto likiwa kali kiasi gani.

Chakula sasa

Wengi wanaanzia hapa, mimi nimekiweka huku kwa sababu chakula peke yake hakirekebishi tarehe wala kondo. Ila kina kazi yake hasa kama ulikuwa unakula kidogo au huongezeki uzito. Ongeza mlo mmoja au viwili vidogo kwa siku. Ugali wa muhogo unashibisha lakini hauna cha kujenga mwili, kwa hiyo usile na mchuzi mtupu, weka dagaa, migebuka, maharage, karanga, yai likipatikana. Sisi huku dagaa tunao, wale nao wanakwenda Dar na nchi za jirani wakati mjamzito wa hapa hapa anakula ugali na kisamvu bila kitu, hapana. Mawese kidogo kwenye mboga ni mazuri, yana vitamini A. Tabora mna karanga na asali na maembe msimu ukifika, tumieni.

Vidonge vya kuongeza damu meza kila siku na maji, au na chungwa, usimeze na chai maana chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni vidonge. Udongo ule wa pemba acha, na ukiona hamu imezidi mwambie nesi akupime damu. Sigara, ugoro na pombe hapana. Na nyie wa Urambo, Kaliua na Sikonge kwenye tumbaku, kushika majani mabichi yanayoloa na kukaa kwenye mabani ya kukaushia wakati una mimba sio kazi yako msimu huu, wengine washike hiyo.

Chupa za "kukuza mtoto" zinazouzwa stendi na sokoni usinywe, pamoja na mizizi usiyoijua. Atakayekuambia tumbo lako dogo kwa hiyo mtoto mdogo, msikilize kwa heshima kama ni mkubwa wako halafu endelea na yako. Tumbo linategemea urefu wako, misuli, mimba ya ngapi, maji, na mtoto amelalaje.

Kama kipimo cha pili kinaonyesha kweli hakui

Utapelekwa hospitali kubwa, kwa Kigoma wengi wanaandikiwa Maweni, Tabora ni Kitete, na ikihitajika zaidi rufaa ya Bugando Mwanza. Uliza kuhusu kipimo cha kuangalia mtiririko wa damu kwenye kamba ya kitovu, ni altrasaundi hiyo hiyo ila yenye uwezo huo, na kinamwambia daktari kama kondo bado linalisha au limechoka. Utaitwa mara kwa mara. Hamna kidonge cha kumnenepesha mtoto tumboni, kazi yote ni kulinda muda, akae ndani mpaka pale ambapo nje ni salama kuliko ndani. Ikionekana atatoka mapema utachomwa sindano za kukomaza mapafu yake, zinasaidia sana, kwa hiyo uwe mahali wanapoweza kukuchoma na wana chumba cha watoto njiti. Watoto wadogo wengi wanalelewa kwa kangaroo, kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na wanakua. Mume na ndugu waambiwe mapema, nauli ya kutoka Uvinza au Kibondo usiku haipatikani kwa kubahatisha.

Na aliyeambiwa mtoto ni mkubwa naye aanze na tarehe vile vile. Zikiwa sawa, aulize pacha na kipimo cha sukari, kisukari cha mimba kinapimwa vizuri wiki ya 24 mpaka 28, hasa kama ulishazaa kilo 4 au kwenu kuna kisukari.

Kucheza kwa mtoto, na mambo ambayo hayasubiri

Mimba ya kwanza unaweza kuanza kumsikia wiki ya 18 mpaka 20, wengine mpaka 24 hasa kondo likiwa limejishika ukuta wa mbele wa tumbo la uzazi. Wiki ya 20 kucheza leo na kunyamaza kesho ni kawaida. Kuanzia wiki ya 28 mtoto anakuwa na mazoea yake na wewe unayajua, akipungua kuliko alivyozoea, lala ubavu wa kushoto utulie umsikilize, usipofikisha mara 10 ndani ya saa mbili nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuche, usisubiri tarehe ya kliniki.

Vile vile nenda hapo hapo ukitokwa damu, maji yakivuja, kichwa kikiuma sana hakiachi, ukiona maluweluwe, uso na mikono ikivimba ghafla, maumivu makali ya tumbo juu, homa, degedege. Weka namba ya bodaboda au bajaji mbili ambazo zinapokea usiku, kadi na zile karatasi zote za altrasaundi ziwe kwenye mfuko mmoja karibu na mlango, na mtu mmoja nyumbani ajue mfuko uko wapi.